Karen Blixen na Barua ya Kutuliza Maumivu

Mwanafunzi anayeletwa Nyeri kwa ziara ya masomo aghalabu hupelekwa kwanza kwenye kaburi la Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, aliyefia hapa tarehe 8 Januari 1941. Walimu kadhaa wamenitaka nimsimulie katika safu hii, na huenda siku moja nikawatii. Leo ninamsimulia Mzungu mwingine, mwanamke, ambaye hakuzikwa kwetu, na ambaye wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya mtaa wa matajiri jijini Nairobi au kwa sababu ya filamu ya mwaka 1985. Huyo ni Karen Blixen. Sababu ya kumchagua haimo katika filamu hiyo wala katika mtaa huo. Imo hapa Majengo, katika chumba cha shangazi yangu, umbu lake marehemu baba.

Shangazi alikuwa mpishi wa mahamri. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliamka saa tisa za usiku, akakanda unga, akawasha jiko, na ilipolia adhana ya alfajiri mafuta yalikuwa yamekwisha kuchemka karaini. Kisha mwili ukamgeuka. Maumivu yalianza mabegani, yakateremka mgongoni na nyongani, yakarudi yakakaa katika vifundo vya mikono, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mahali alipoweza kupataja kuwa ni pazima. Alilala, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Yeye aliyesifika kwa hesabu za kichwani alianza kukosea chenji ya wateja. Zilikuwapo asubuhi ambapo hata uzito wa leso begani ulimuumiza.

Akazunguka hospitali na zahanati kwa miaka minane. Mahali pamoja aliambiwa ni malaria, pengine taifodi, pengine brusela ya maziwa mabichi, ilhali maziwa mabichi hajayaonja tangu utotoni. Akameza dawa za maradhi yote matatu. Palipofanywa vipimo vya kina, vilitoka safi. Majirani nao walikuwa na vipimo vyao: wako waliosema ni baridi yabisi, wako waliosema ni husuda ya wapika mahamri wenzake. Nami, mwana wa nduguye niliyesomeshwa hadi shahada ya uzamifu, nilimwambia kwa upole wote niliokuwa nao kwamba maadamu vipimo havionyeshi kitu, ajaribu kupunguza mawazo. Alinitazama, akaitikia kwa adabu, na kwa miezi mingi hakunitajia tena habari ya maumivu. Nilidhani amepata nafuu.

Kazi yangu ni isimu, na aibu iliponijia ilinijia kwa mlango wa isimu. Kitenzi tukitumiacho kwa maumivu ni kuuma, kilekile cha mbwa na nyoka. Katika sentensi ya Kiswahili anayeuma ni kiungo: mguu unaniuma, jino linaniuma. Kiungo ndicho kiima. Mwenye kiungo ni yambwa tu, anayeng'atwa na kilicho chake. Na katika uwanja huo lugha yetu ni tajiri ajabu. Kichwa huwanga, tumbo hunyonga au hukeketa, jipu hupwita, kidonda kilichoingia chumvi huchonyota, ubavu hushikwa na kichomi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, alichapisha hojaji ya kupimia maumivu iliyojengwa juu ya maneno ya namna hii ya Kiingereza, nayo ingali ikitumika hospitalini. Ila maneno yetu karibu yote yanadai kiungo. Shangazi aliposema kwamba mwili mzima unamuuma, sarufi ilimruhusu, lakini msikilizaji hakupata pa kushika. Swali la kwanza la mhudumu ni wapi, na jibu la kila mahali humfikia kama jibu la mtu asiyesema kweli.

Sasa tumgeukie mwanamke wetu.

Karen Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, kaskazini ya Copenhagen, nchini Denmark. Baba yake alijiua mwaka 1895, binti hajatimiza miaka kumi. Tarehe 14 Januari 1914 alifunga ndoa mjini Mombasa na binamu yake wa mbali, Bror Blixen, Mswidi wa ukoo wa kikabaila, ndipo akapata jina analojulikana nalo na cheo cha kibaroni. Wakapanda gari la moshi hadi bara, wakaanza kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong, mahali palipoinuka mno hata mibuni haikustawi ilivyotakiwa. Mapema mwaka 1915 aliugua, na daktari wa Nairobi akamwambia kwamba ana kaswende, aliyoambukizwa na mumewe. Wakati huo penisilini haikuwako. Alitibiwa kwa zebaki. Kisha alisafiri hadi kwao, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimepamba moto, akalazwa hospitalini Copenhagen na kutiwa Salvarsan, dawa iliyotoka katika maabara ya Paul Ehrlich na kuanza kuuzwa mwaka 1910, ambayo kiini chake ni arseniki. Zebaki kwanza, arseniki baadaye: sumu mbili, na kwa wakati ule ndiyo tiba bora iliyopatikana duniani. Mwaka 1916 alirudi Ngong.

Tangu hapo hakuwa na mwili wa kutegemewa. Maumivu makali ya tumbo yalimjia kwa vipindi, pamoja na kutapika, na miguu ikapoteza kiasi fulani cha hisia. Vipimo vingi alivyofanyiwa baada ya mwaka 1925 havikuonyesha tena kaswende mwilini. Maumivu hata hivyo yaliendelea, nayo yalizoea kumjia pamoja na misiba ya maisha yake, na misiba haikuwa michache: talaka ya mwaka 1925, kufilisika kwa shamba, na kifo cha mpenzi wake Denys Finch Hatton, ambaye ndege yake ilianguka Voi mwezi Mei 1931. Mwaka huohuo aliondoka Kenya, na hakurudi kamwe.

Kabla ya kuendelea sina budi kusema neno juu ya shamba lile, maana najua mwalimu wa historia ameshakunja uso. Zilikuwa ekari elfu sita, na Wakikuyu walioishi juu yake waliitwa maskwota katika ardhi ambayo kabla ya ujio wa walowezi hapakuwa na mtu wa kuwaita hivyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o amemshambulia vikali mwandishi huyu katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1993, akionyesha jinsi anavyowachora Waafrika karibu na wanyama. Nimeisoma hoja hiyo pamoja na wanafunzi wangu na kwa sehemu kubwa ninaikubali. Simsimulii Karen Blixen ili tumpende.

Ninamsimulia kwa sababu mwanamke huyu aliyekuwa mgonjwa ndiye aliyekuwa tabibu wa shamba. Asubuhi nyingi watu walikusanyika nje ya nyumba yake, wenye kuungua, kuvunjika, kuumwa na nyoka, wenye vikohozi, naye aliwahudumia kwa ujuzi mdogo aliokuwa nao. Mmoja wao alikuwa mtoto Kamante, mwenye vidonda vibaya vya miguu. Dawa zake zilishindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, mtoto akapona, na baadaye akawa mpishi wake mashuhuri.

Kisa ninachokitaka, hata hivyo, kimo katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1960, kilichotoka karibu miaka thelathini baada ya kuondoka Afrika. Anaeleza kwamba aliwahi kuua simba mwenye manyoya ya kupendeza, akaipeleka ngozi yake kama zawadi kwa Mfalme Christian wa Kumi wa Denmark, na mfalme akamwandikia barua ya shukrani. Barua ilikuwa mfukoni mwake siku alipoitwa kwa kijana wa Kikuyu aliyeangukiwa na mti wakati wa kukata miti. Mguu ulikuwa umepondwa. Gari la kumpeleka hospitali Nairobi lilikuwa bado halijafika, na hakuwa na dawa ya kumpa. Alimpa kwanza sukari kama kwamba ni dawa, ikamliwaza kidogo, kisha ikaisha. Kijana akamsihi ampe kitu kingine. Katika kuhangaika kwake bibi yule alitoa barua, akamwambia kwamba imetoka kwa mfalme na kwamba barua ya mfalme huondoa maumivu hata yakiwa makali namna gani, akaiweka kifuani pake. Kijana akatulia. Alidai, na kwa kila dalili alionyesha, kwamba maumivu yamepungua.

Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja kuiomba barua ya kuwapelekea wagonjwa wao, nayo ikawa haitolewi ovyo bali kwa maumivu yaliyopita kiasi. Ikashonewa mfuko wa ngozi, ikatoka mkono hadi mkono, ikarudi imekakamaa kwa damu na jasho la watu, hata maandishi ya mfalme yakawa hayasomeki. Sura yenyewe ameipa jina la Kiswahili, Barua a Soldani. Mwalimu wa sarufi atataka kutia wino mwekundu: kihusishi kimepoteza konsonanti yake na Sultani amegeuka Soldani. Mimi nimeuacha wino wangu mfukoni. Hicho ndicho Kiswahili kilichosemwa shambani, baina ya Mdenmark, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake, na Wakikuyu, na kwa lugha hiyo yenye pengo watu waliweza kuelezana habari za maumivu vizuri kuliko nilivyoweza mimi na shangazi kwa lugha yetu ya nyumbani.

Najua kisa hiki kinaweza kusomwa kwa namna mbili mbaya. Ya kwanza ni ya kudharau: Waafrika wale walidanganyika kwa kipande cha karatasi. Ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo iliyokuwa yangu kwa miaka minane: ikiwa maneno yameyatuliza maumivu, basi maumivu hayakuwako. Lakini mguu wa kijana yule ulikuwa umepondwa! Hakuna aliyeushuku. Karatasi haikuunga mfupa hata mmoja, na hata hivyo ilipunguza maumivu ya mfupa uliovunjika.

Elimu ya leo ina maelezo. Mwaka 1978 watafiti watatu wa California, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields, walichunguza watu waliokuwa wameng'olewa magego, wakawapa maji matupu badala ya dawa. Baadhi walipata nafuu. Ndipo wakawatia dawa iitwayo naloksoni, ambayo kazi yake ni kuzuia afyuni na jamii yake isifanye kazi mwilini, na maumivu ya wale waliopata nafuu yakarejea. Maana yake ni kwamba ubongo wenyewe, kwa kutarajia kutulizwa, huachilia viowevu vyake vya kutuliza, vya jamii moja na afyuni. Matumaini, hofu, kuaminiwa na kupuuzwa huingia katika mishipa ya fahamu kama inavyoingia dawa. Kuna njia za neva zinazoteremka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, na kazi yao ni kuupandisha au kuushusha ujumbe wa maumivu kama mtu anavyopandisha na kushusha sauti ya redio.

Kwa mwenye ugonjwa wa shangazi, sauti hiyo imepanda na haishuki. Ugonjwa wenyewe huitwa fibromayaljia. Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers aliupa jina lililodai kwamba nyuzi za misuli zimevimba. Baadaye ikaonekana hazikuvimba, na tangu mwaka 1976 jina la sasa likashika. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waliweka kipimo cha kubonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aliyeumia katika sehemu 11 au zaidi alihesabiwa kuwa nao. Mwaka 2010 wakaja na kipimo kingine, kisichohitaji kubonyeza, ambacho msingi wake ni kumuuliza mgonjwa: wapi na wapi panauma, unalala vipi, unaamka vipi, akili inakukaaje. Kwa lugha nyingine, kipimo kikawa mazungumzo. Inakadiriwa kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wanao ugonjwa huu, wengi wao wanawake. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, maumivu ya kudumu yasiyo na chanzo kingine yamepewa nafasi yake yenyewe kama maradhi, wala si kama kivuli cha maradhi mengine. Damu hutoka safi kwa sababu hitilafu haimo katika damu.

Sisemi kwamba Karen Blixen alikuwa na fibromayaljia. Kumpa marehemu jina la ugonjwa kutoka Majengo kungekuwa kurudia kosa alilotendewa akiwa hai, maana kisa chake ni kisa cha jina. Aliporudi Denmark alianza kuandika kwa bidii: kitabu cha kwanza cha hadithi kilitoka mwaka 1934, kile cha Afrika mwaka 1937. Maumivu yalimfuata. Zaidi ya mara moja alipasuliwa uti wa mgongo ili kuzikata njia za maumivu, na katikati ya miaka ya 1950 aliondolewa theluthi moja ya tumbo kwa sababu ya vidonda. Madaktari waliomtibu waliyaeleza mateso yake kwa kaswende iliyoingia katika uti wa mgongo, naye mwenyewe aliliamini jina hilo na kulibeba kama hatima yake. Akiwa hawezi kuketi aliandika akiwa amelala, akimsomea katibu wake Clara Svendsen maneno ya kunakili. Mwaka 1959 alisafiri Marekani, amekonda mfano wa unyasi, akala chakula cha mchana pamoja na Marilyn Monroe na Arthur Miller nyumbani kwa mwandishi Carson McCullers. Alifariki Rungstedlund tarehe 7 Septemba 1962, na kilichomuua ni mwili uliokosa lishe.

Miaka thelathini na mitatu baadaye, yaani mwaka 1995, daktari wa Denmark, Kaare Weismann, alichapisha makala akihoji kama mateso yale ya maisha yote yalikuwa kaswende hata kidogo, au sumu ya zebaki na arseniki aliyotibiwa nayo. Mwaka huohuo daktari wa Marekani, Linda Donelson, alitoa kitabu chenye kulipinga lile jina la kale. Wengine hutaja kujinyima chakula, wengine majonzi. Mjadala haujafungwa. Kinachonishughulisha ni kwamba kwa karibu miaka hamsini hakuna aliyethubutu kumwambia mwanamke huyo kwamba haumwi. Alikuwa bibi mwenye cheo, na ugonjwa wake ulikuwa na jina, jina ambalo huenda halikuwa lake. Wale waliopokezana barua ya mfalme chini ya vilima vya Ngong tunazijua habari za maumivu yao kwa sababu tu yeye aliyaandika. Hatuna hata ukurasa mmoja ambamo kijana wa mguu uliopondwa anasema mwenyewe aliona nini siku ile.

Shangazi alipata jina lake mwaka wa tisa. Daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja alizitazama karatasi zake zote, akaziweka kando, akamwomba aanze tangu mwanzo. Nilikuwa nimeketi hapo kama mwandamani. Alieleza kwa muda wa nusu saa, na mimi msomi wa lugha nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba maumivu yake si namna moja: mabegani huwaka, nyongani huvuta, mikononi hufa ganzi, na usiku kuna kitu ambacho hakina neno, akakiiga kwa vidole juu ya meza, mfano wa mvua inayoanza kunyesha juu ya mabati. Daktari aliandika. Kisha akamweleza ugonjwa ni nini na si nini: haumalizi mtu, haulemazi viungo, hauondoki kwa dawa kali za maumivu, na hupungua kwa mwendo wa kila siku unaoongezwa polepole, kwa kulala kwa saa zisizobadilika, na kwa baadhi ya dawa kwa kiasi kidogo. Shangazi alilia. Nilimuuliza baadaye kama ni kwa hofu, akasema la.

Hajapona. Mahamri amemwachia binti yake, na siku za baridi ya Julai, ukungu unapoushukia mji mzima, huwa hatoki kitandani hadi saa nne. Siku nyingine hutembea kutoka Majengo hadi bustani ya Whispers na kurudi, mwendo ambao mwaka juzi hakuuweza. Aliniomba nimwandikie jina la ugonjwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa sababu kila anapokwenda mahali pageni huanza kuulizwa tena habari za malaria. Nilimwandikia. Huifunga penye pindo la leso, pamoja na pesa zake, na mikunjo imekwisha kuanza kuchanika, kwa hiyo Jumamosi hii nitamwandikia nyingine.